Tosta isiyokamata: kisa cha kontakti moja na makombo yaliyojificha

Tosta ilikuwa ya dada yangu, na maelezo yake yalikuwa neno moja: "Haikamati." Unashusha wenzo, mkate unazama, unaachia kidole, mkate unaruka juu palepale. Hakuna moshi, hakuna harufu ngeni, hakuna taa ya nyumba iliyozimika. Ni tosta ya kawaida ya matundu mawili, wati 850 kwa volti 230, ganda la chuma, plagi ya pini tatu, umri miaka sita. Alikuwa keshaitoa jikoni na kuiweka pembeni ya ndoo ya taka. Naeleza hapa hatua zote nilizopita, pamoja na ile niliyokosea, kwa sababu naamini tosta nyingi hutupwa kwa kasoro hii hii, na wanaojaribu kuitengeneza huitafuta mahali ambapo haipo, yaani kwenye wenzo.

Kabla ya kushika bisibisi nilimuuliza ilianzaje.

"Ilikufa ghafla?"

"Hapana, mdogo wangu. Kama wiki tatu hivi nilikuwa naikandamiza kwa nguvu ndipo inashika. Halafu ikaanza kutatarika ukiishusha, kama chumvi motoni. Na siku nyingine mkate unatoka mweupe, muda wake haujafika."

Kukandamiza, kutatarika, kutoka mapema. Niliyaandika yote matatu kwenye karatasi bila kuyaelewa vizuri. Kazi ilipokwisha nilirudi kwenye karatasi ile nikakuta jibu lilikuwa pale tangu mwanzo. Mwenye kifaa hukaa nacho kila asubuhi, na sikio lake huwa limeshazoea sauti yake. Akikuambia sauti imebadilika, mwamini, hata kama hajui bodi, yaani kibao cha elektroniki kilichomo ndani, ni nini.

Sikumwamini vya kutosha, na hapo ndipo nilipokosea. Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ya pupa: niliichomoa, nikaipindua juu ya gazeti, nikaigonga gonga, makombo yakamwagika, nikaichomeka tena. Ikakamata. Tukachoma vipande viwili, vikatoka vizuri, nikaenda zangu nikijua nimemaliza. Asubuhi ya pili akanipigia: "Imerudi." Nilikuwa sijatengeneza kitu. Nilikuwa nimesogeza uchafu kutoka hapa kwenda pale, basi, na kifaa kinachopona bila wewe kujua kilikuwa kinaumwa nini bado ni mgonjwa.

Safari ya pili nilianza na jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza, nalo ni kujiuliza kitu gani hasa hushikilia wenzo chini. Wengi hudhani kuna ndoano ndani, kama ya mlango wa kabati. Jaribu hili kwa tosta yoyote nzima ya siku hizi: chomoa plagi, shusha wenzo, achia. Katika tosta nyingi utapanda. Hata tosta iliyotoka kwenye boksi leo haitakamata kama haina umeme. Wazo la springi inayorusha mkate juu ni la zamani. Mmarekani Charles Strite alipata hataza ya tosta ya namna hiyo mwaka 1921, na mpaka leo springi ile inafanya kazi yake ile ile ya kuvuta kibebeo cha mkate juu, wakati wote, bila kupumzika. Kinachopambana nayo katika tosta nyingi za sasa ni sumaku-umeme: waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye chuma, unaonasa kipande kingine cha chuma kilichofungwa kwenye kibebeo. Sumaku ikipata umeme inashika. Ikiukosa, hata kwa nukta moja, springi inashinda. Kipima muda kwenye bodi nacho kina kazi moja tu, kuikatia sumaku umeme muda ukifika.

Mnyororo wenyewe basi uko hivi. Wenzo unashusha kibebeo. Kibebeo kikifika chini kinabana kontakti mbili, yaani ndimi za chuma zinazogusana ili umeme upite, moja ya laivu (waya unaoleta umeme) na moja ya nyutro (waya unaourudisha). Kontakti zikigusana, umeme unaingia kwenye koili za joto. Kutoka sehemu ndogo ya koili hizo, au kupitia rezista maalumu (kipande kinachopunguza umeme), bodi inapata volti chache za kuendeshea kazi yake. Bodi inaamsha sumaku, sumaku inashika. Yote hayo hutokea kidole chako kikiwa bado hakijaondoka kwenye wenzo. Pete yoyote ya mnyororo ikikatika, wewe uliye nje utaona jambo lile lile: wenzo haukamati. Ndiyo maana watu hulaumu wenzo. Wenzo ni mjumbe tu wa habari.

Kuna jaribio moja lisilohitaji kufungua kitu, na lingeniokolea siku nzima. Chomeka tosta ikiwa tupu, shusha wenzo, ushikilie chini kwa kidole kwa sekunde kumi, kisha chungulia kwa juu bila kuingiza chochote. Koili zikiwaka nyekundu na bado wenzo haukamati ukiachia, ina maana umeme umeshapita kontakti. Tafuta kwenye bodi, kwenye sumaku, au kwenye uso wa sumaku ambapo kombo moja likikaa katikati huzuia vyuma visigusane. Koili zisipowaka kabisa, umeme haufiki: ama soketi, ama fyuzi, ama waya, ama kontakti, ama koili imekatika. Zikiwaka upande mmoja tu, koili ya upande wa pili ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ya dada yangu ilibaki baridi. Nilipokandamiza wenzo kwa nguvu hadi kidole kikauma, koili zikaona haya kidogo, zikawa nyekundu, kukasikika ule mtataro aliousema. Nikaachia, wenzo ukaruka.

Soketi niliijaribu kwa taa ya mezani. Nzima.

Sasa kufungua. Plagi inatolewa kwenye soketi na kuwekwa mezani mbele ya macho yako, ili hata mtu mwingine wa nyumbani asije akaichomeka kwa nia njema. Hili si la kupitia haraka. Kuna tosta ambazo swichi yake hukata waya mmoja tu kati ya miwili, na soketi ikiwa imefungwa waya kinyume, koili hubaki na laivu hata wenzo ukiwa juu na kila kitu kikionekana kimezima. Mtu anayeingiza kisu kutoa mkate ulionasa, akijua "imezima", anaweza kugusa volti 230 za kweli. Bodi nayo, pamoja na kwamba inatumia volti chache, haijatengwa na umeme mkubwa. Volti zile chache zimekaa juu ya laivu kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Tosta iliyofunguliwa haichomekwi. Vipimo vyote ninavyovitaja hapa chini vilifanywa plagi ikiwa mkononi mwangu.

Nitasema pia kwa nini nafungua tosta na sifungui oveni ya maikrowevu. Maikrowevu ina kapasita kubwa inayoweza kuhifadhi chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa. Tosta ya kawaida haina kitu cha namna hiyo. Ukiichomoa na kuiacha ipoe, kilichobaki cha kukuumiza ni kingo za bati, na hizo kweli zinakata, vaa glavu.

Kishikio cha plastiki cha wenzo na kile cha kuzungusha cha kuchagua muda vilivutika moja kwa moja. Chini kulikuwa na skrubu sita, mbili zimefichwa ndani ya miguu ya mpira, na mbili zenye vichwa vya pembetatu ambavyo bisibisi ya nyumbani haivishiki. Watengenezaji huziweka ili usifungue. Seti ya vichwa vidogo vya bisibisi huwa na kichwa hicho, na ni bora kuitafuta kuliko kulazimisha kwa bisibisi bapa mpaka skrubu iishe meno. Kila nilichotoa nilikipiga picha kwa simu kabla ya kukigusa, hasa njia za nyaya, maana waya uliorudishwa sentimita moja tu pasipo mahali pake unaweza kulala juu ya koili.

Ganda lilipotoka, tosta ilionekana katika vyumba vitatu. Katikati ni chumba cha moto, chenye mabamba ya ulanga, madini yanayostahimili moto na yasiyopitisha umeme, yaliyozungushiwa waya wa koili. Upande mmoja ni mtupu. Upande wa wenzo ndiko kuliko bodi, sumaku, springi na swichi, na ukuta wa bati unaoutenga na moto una mipasuko miwili ya wima, ambamo mikono ya kibebeo hupanda na kushuka. Ikumbuke mipasuko hiyo.

Nikachukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nikaiweka kwenye ohm, yaani kipimo cha ukinzani wa njia ya umeme. Namba ya kutegemea hukokotolewa kutoka kwenye kibandiko cha chini ya tosta: volti mara volti, gawanya kwa wati. 230 mara 230 ni 52,900. Gawanya kwa 850, unapata kama ohm 62. Kwenye nchi za volti 120, tosta ya wati hizo hizo itasoma kama ohm 17. Waya wa koili hubadilika kidogo tu ukipata moto, kwa hiyo kipimo cha baridi kinatosha. Fanya hesabu hii kabla ya kupima. Ukipima bila namba kichwani, kila utakachokiona utakiona sawa.

Kwenye pini za plagi, laivu na nyutro, wenzo ukiwa chini: hakuna kitu, mzunguko umekatika. Wenzo juu: hakuna kitu pia, na hapo ndivyo inavyotakiwa. Basi nikaanza kukata njia vipande vipande. Fyuzi ya ndani ya plagi, nzima. Kutoka pini ya laivu hadi waya unapoingia kwenye bodi, karibu sifuri, hata nilipoukunja kunja waya pale unapotokea kwenye ganda, sehemu ambayo nyaya hupenda kukatikia ndani kwa ndani. Nyutro hivyo hivyo. Nikaruka kontakti, nikapima koili zenyewe moja kwa moja: ohm 60. Namba hiyo ilinifurahisha kweli. Koili ingekuwa imekatika, kisa hiki kingeishia jalalani na ningekiandika kwa nusu ukurasa.

Zilibaki kontakti mbili. Ya nyutro, wenzo ukiwa chini, ilisoma ohm 0.2 na kutulia, sehemu kubwa ya hiyo ikiwa ya nyaya za mita yenyewe. Ya laivu haikutulia. Ohm 9, 40, hakuna, 15, hakuna. Nilibana wenzo kwa nguvu zaidi, ikashuka hadi 3. Nikalegeza, ikapotea.

Nilielekeza tochi. Kila kontakti ni ulimi wa shaba wenye kichwa kidogo cha aloi ya fedha, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Kichwa cha nyutro kilikuwa cha kijivu, safi. Cha laivu kilikuwa cheusi kama mkaa, na katikati kimechimbika shimo dogo lenye kingo kali.

Inafaa kukaa hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo roho ya kisa chenyewe. Tosta hii huvuta ampea 3.7. Joto linalozaliwa mahali penye ukinzani ni ampea mara ampea mara ohm. Kontakti nzima ya ohm 0.02 hutoa kama robo ya wati, hakuna anayeisikia. Kontakti iliyochafuka ikafika ohm 1 hutoa karibu wati 14, na wati 14 ni pasi ndogo ya kutia lehemu, imekaa juu ya kitu cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Joto hilo huunguza uso wa chuma, uso ulioungua huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto. Kinachofuata ni cheche: kila vichwa vinapokutana na kuachana kwa mashaka, umeme huruka katikati, na cheche ndiyo inayochimba shimo na kutoa ule mtataro wa chumvi motoni. Kwenye volti 120 mambo ni mazito zaidi, maana wati zile zile hudai ampea karibu mara mbili, na joto la kontakti ile ile hufika karibu mara nne.

Ningeweza kuishia hapo. Ningesafisha kichwa kile, kingesoma vizuri, ningefunga, na wiki kadhaa baadaye simu ingelia tena. Lakini kontakti mbili zimetengenezwa siku moja, zimefanya kazi asubuhi zile zile kwa miaka sita, zimepitisha umeme ule ule kwa kiasi kile kile. Kwa nini moja ife na nyingine ibaki kijivu? Swali hilo lilinigharimu saa nzima, na sijutii hata dakika yake.

Nilishusha wenzo polepole huku nikitazama kwa ubavuni. Ulimi wa nyutro ulipokelewa na mguu wa kibebeo, ukapinda kama milimita mbili, ukakaza. Ulimi wa laivu uliguswa, na kibebeo kikasimama hapo hapo. Hakikuupinda. Kontakti ile ilikuwa inabusu tu, wakati ilitakiwa kubanwa. Kibebeo kilikuwa kinakwama upande mmoja kabla ya kufika mwisho wake.

Chini ya mguu wa upande huo, kwenye kona ambapo bati la ukuta linakutana na kitako cha plastiki, palikuwa na kitu nilichodhani ni sehemu ya tosta yenyewe. Kilikuwa cha kahawia, kigumu, laini juu kama kimepigwa pasi. Nilikichokoa kwa kijiti, kikatoka kipande kizima, unene wa milimita mbili hivi. Makombo ya mkate, yaliyopita kwenye ile mipasuko ya wima, yakakandamizwa na mguu wa kibebeo kila asubuhi na kuokwa na joto la jirani mpaka yakawa tofali.

Dada yangu humwaga trei ya makombo kila wiki. Hana kosa lolote. Trei inakaa chini ya chumba cha moto tu. Haifiki kwenye chumba cha swichi, na hakuna mahali pa nje panapoonyesha kwamba huko nako kunaingia uchafu. Huu ni udhaifu wa muundo, na nauona ni wa kusikitisha, kwa sababu kipande cha bati cha kukinga mipasuko, au kona ile kuachwa wazi kwa chini, vingeuzuia.

Sasa karatasi yangu ikaanza kusomeka. Kukandamiza kwa nguvu kulisaidia kwa sababu tofali la makombo lilibonyea kidogo na ulimi ukapata kupinda. Kutatarika zilikuwa cheche. Mkate mweupe ulitoka pale kontakti ilipoachia kwa nukta moja katikati ya kazi: sumaku ikakosa umeme, springi ikashinda, muda haujafika. Na kule kugonga gonga kwangu juu ya gazeti kulivunja kona ya tofali, kibebeo kikashuka kidogo zaidi, tukala mkate mmoja wa bahati.

Kusafisha kwenyewe hakukuwa na mengi. Nilikata ukanda wa karatasi ngumu, nikaulowesha spiriti, nikaupitisha kati ya vichwa viwili huku vikiwa vimegusana kidogo, nikauvuta mpaka ukanda mpya ukatoka bila weusi. Kwa kuwa shimo lilikuwa na kingo kali, nilipitisha msasa laini kabisa uliokunjwa, mara tatu tu kila upande, kisha karatasi ya spiriti tena ili chembe za msasa zisibaki. Tabaka la fedha ni jembamba. Msasa wa kukwaruza au tupa utalimaliza, na shaba iliyo chini yake haivumilii cheche. Ulimi sikuupinda. Wengi huupinda kwa koleo ili "ubane zaidi", na unabana kweli, lakini mguu wa kibebeo ukishafika chini yake mahali panapostahili, ulimi uliopindwa unavunjika mapema. Ungekuwa umebadilika rangi na kulegea kwa joto ningeihesabu swichi hiyo imekwisha. Ulikuwa bado una ukakamavu wake. Mafuta ya kulainisha sikuyatia popote, maana humo ndani mafuta hukusanya makombo na kisha hugeuka masizi.

Kona niliichokoa, nikaipiga brashi, nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Uso wa sumaku niliufuta kwa kitambaa. Nikasubiri spiriti ikauke kabisa, kwa kuwa inashika moto. Kisha mita: kontakti ya laivu ohm 0.2, imetulia, hata wenzo ukishushwa kwa kidole kimoja kilegevu. Kwenye pini za plagi: ohm 61.

Wengi huniuliza kuhusu koili, kwa hiyo niseme machache. Waya wake huwa wa nikromu, aina iliyozoeleka ikiwa takriban asilimia 80 nikeli na 20 kromu, aloi ambayo Mmarekani Albert Marsh aliipatia hataza mwaka 1906. Kabla yake nyaya za chuma zilizowekwa kwenye joto jekundu zilikuwa zikiungua na kukatika upesi. Nikromu hujivika ngozi ya oksidi ya kromu inayoikinga na hewa, ndiyo sababu koili hudumu kuliko swichi, mradi hakuna aliyeichokonoa kwa uma. Ikikatika, usiitie lehemu. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na koili inayong'aa nyekundu imeshapita 600. Kuisokota pia si dawa, kwa sababu pale pa kusokotwa ndipo patakapopata moto kupita kiasi. Koili hubadilishwa pamoja na bamba lake la ulanga, na bamba linalolingana lisipopatikana, mimi huacha. Hapo ndipo mpaka wangu ulipo.

Tosta ilikuwa imerudi kufanya kazi, lakini sikuwa na haki ya kuichomeka bado. Ganda lake ni la chuma, na watu hulishika kwa mikono yenye maji. Baada ya kufunga skrubu zote, nilipima kutoka pini ya ethi, ile ya usalama inayounganisha ganda na ardhi, hadi kwenye ganda, mahali ambapo chuma kiko wazi bila rangi: ohm 0.1. Halafu kutoka laivu hadi ganda, na nyutro hadi ganda, wenzo ukiwa juu na ukiwa chini, mita ikiwa kwenye kipimo chake kikubwa kabisa: hakuna kitu, kama inavyotakiwa. Multimita hupima kwa volti chache tu, kwa hiyo fundi mwenye kipima kihami cha volti 500, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja, akiwa karibu, mpe apime yeye. Kipimo chake ni cha kuaminika zaidi kuliko changu. Ethi ikisoma ohm kadhaa, au ganda likionyesha namba yoyote kwa laivu, tosta hiyo hairudi jikoni hata kama inachoma mkate vizuri namna gani. Nimeona watu wakifurahia koili nyekundu na kusahau kupima ganda, na jambo hilo linanitia hofu kuliko kosa lingine lolote katika kazi hii.

Mzunguko wa kwanza niliufanya tosta ikiwa tupu, karibu na dirisha, nikiwa nimesimama na mkono kwenye swichi ya ukutani. Wenzo ulikamata kwa mguso mmoja. Palitoka harufu ya vumbi lililoungua dakika ya kwanza, ikaisha. Kwenye namba 3 ya kipima muda ilichukua dakika 2 na sekunde 10. Nikaiacha ipoe, nikarudia mara mbili, tofauti ikawa sekunde chache. Hakuna mtataro. Niligusa upande wa wenzo baada ya mzunguko wa tatu: vuguvugu, haichomi.

Dada alisimama mlangoni. "Sasa nifanyeje isirudi?"

Nilimwonyesha mpasuo wa nje ambamo wenzo hupita. Mara moja kwa mwezi achomoe, aache ipoe, ashushe na kupandisha wenzo mara kadhaa ili mguu wa kibebeo uvunje kilichoanza kugandamana, kisha apulize kwa pampu kupitia mpasuo huo huku tosta imelazwa ubavu. Na siku akijikuta anakandamiza tena kwa nguvu, aache kuitumia siku hiyo hiyo na anipigie, asisubiri wiki tatu, kwa sababu wiki zile tatu ndizo zilizochimba shimo.

Miezi minne baadaye niliifungua tena, nikiwa na hamu ya kujua tu. Kontakti ya laivu ilikuwa ya kijivu, kovu la shimo likiwa pale pale bila kukua. Mita ilisoma ohm 0.2. Kwenye kona palikuwa na makombo machache makavu, bado hayajashikana. Niliyapiga brashi, nikapima ethi, nikarudisha skrubu sita na miguu ya mpira, nikampa tosta yake.